Fiksi gia ya mtumba kutoka mnada wa mtandaoni: dalili, chanzo chake na la kufanya

Fiksi gia ni baiskeli isiyo na friwili, yaani kifaa kinachoruhusu pedali zitulie wakati gurudumu linazunguka. Gia ndogo ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu: gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka nalo, na ukikaza miguu ndipo baiskeli inapopunguza mwendo. Habu ya nyuma, cheni na gia zote mbili zinakuwa sehemu ya breki, na kasoro ambayo kwenye baiskeli nyingine ingekuwa kero tu, hapa inaweza kukuangusha. Matatizo yafuatayo ndiyo yanayojirudia kwa watu wanaonunua baiskeli hizi zikiwa zimetumika. Nimeyapanga kwa dalili, nikianza na zile zinazoonekana kwenye picha kabla hujatoa dau. Chanzo cha kawaida kinatangulia, cha nadra kinafuata.

Tahadhari mbili kabla ya lolote. Usipeleke kidole wala kitambaa karibu na cheni wakati gurudumu linazunguka. Kwa kuwa hakuna friwili, gurudumu halisimami kidole kikinaswa. Linakivuta hadi kwenye meno ya gia, na kuna watu wamekatika vidole kwa kusafisha cheni namna hiyo. Safisha kipande kwa kipande, gurudumu likiwa limetulia. Pili, usiipande baiskeli iliyotoka kwenye boksi kabla hujakagua habu na kufunga breki ya mbele inayoshika vizuri, hata kama muuzaji anasema yeye ameiendesha miaka yote bila breki.

KABLA MNADA HAUJAFUNGWA

Picha zote ni za upande mmoja

Mara nyingi hakuna ubaya. Upande wa cheni ndio unaopendeza, na muuzaji hajui kwamba wewe unataka kuona kwingine. Mara chache kuna kinachofichwa: fremu iliyobonyea upande wa pili, au namba ya fremu iliyofutwa.

Dawa yake ni kuomba picha, na kuomba kwa adabu. Ujumbe kama huu unatosha: "Habari za leo. Baiskeli yako imenivutia. Naomba picha ya habu ya nyuma kwa karibu upande wa gia, picha ya namba iliyo chini ya fremu, na picha ya bomba la juu na la chini pale yanapokutana na shingo ya mbele. Kama hutajali, chomoa bomba la kiti sentimita tano hivi unipigie picha. Asante sana."

Ombi la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote. Muuzaji akijibu kwamba bomba la kiti halitoki, ameshakueleza tatizo ambalo linaweza kula siku nzima ya fundi. Namba ya fremu nayo, ambayo kwa kawaida imegongwa chini ya ekseli ya kranki (kranki ni mikono inayobeba pedali), iangalie kwenye sajili za baiskeli zilizoibwa kama Bike Index kabla ya kutoa dau. Muuzaji akikataa kuitoa, achana na baiskeli hiyo.

Maelezo yanasema "fiksi gia" lakini picha zinasitasita

Angalia habu. Habu halisi ya fiksi gia ina hesi, yaani mikato ya skrubu, kwa ngazi mbili: ngazi pana ya ndani inayobeba gia, na ngazi nyembamba ya nje inayobeba ringi bapa ya kufungia ambayo mafundi wengi huiita lokiringi. Ukiona lokiringi ndogo kuliko shingo ya gia, ni dalili njema. Ukiona ringi pana iliyolingana na gia, au huoni ringi kabisa, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni habu ya friwili iliyogeuzwa. Nitaifafanua mbele, kwa sababu ndiyo kasoro mbaya kuliko zote kwenye baiskeli hizi.

Angalia pia mahali ekseli ya nyuma inapoingia. Fremu za mbio za uwanjani zina midomo inayofunguka kuelekea nyuma, hivyo gurudumu linaweza kuvutwa ili cheni ikaze. Mdomo uliosimama wima hauna nafasi hiyo. Baiskeli ya namna hiyo itakusumbua na cheni kila siku.

Bei imepanda kwa sababu ya alama ya NJS

Keirin, mbio za Kijapani za uwanjani zinazochezewa kamari, zilianza mwaka 1948 huko Kokura, na vifaa vilivyoidhinishwa kwa mbio hizo hugongwa alama ya NJS. Fremu zake za chuma ni nzuri kweli na zinatafutwa sana minadani. Lakini alama hiyo inasema kifaa kilikubaliwa kilipotengenezwa. Haisemi lolote kuhusu mara ngapi fremu imeanguka tangu hapo, na wakimbiaji wa keirin huanguka. Fremu yenye alama ikague kwa ukali uleule. Kumbuka pia kwamba foki za aina hii, yaani uma zinazoshika gurudumu la mbele, kwa kawaida hazijatobolewa tundu la breki. Usizitoboe mwenyewe, tafuta foki nyingine yenye tundu.

Dau linaongezeka kila ukiongeza lako

Karibu kila mara ni mfumo wa mnada wenyewe: mwenzako ameweka kiwango chake cha juu, na mfumo unampandishia kidogo kidogo hadi hapo. Chanzo cha nadra ni muuzaji kumtumia rafiki apandishe bei. Kwa yote mawili hatua ni moja. Piga hesabu ya usafirishaji, cheni mpya, matairi mawili na breki, toa jumla hiyo kwenye thamani unayoipa baiskeli, kinachobaki ndicho dau lako la juu. Liweke mara moja dakika za mwisho, uondoke.

Muuzaji akikutaka ulipe nje ya mfumo wa mnada, simama hapo hapo. Ulinzi wa mnunuzi unapotea pesa ikipita pembeni.

BOKSI LIMEFIKA

Boksi limetoboka, au gurudumu la nyuma haliingii kwenye fremu

Piga video tangu unapokata gundi ya boksi, kwa sababu madai mengi hukataliwa kwa kukosa ushahidi, na muda wa kudai huwa ni siku chache tu.

Gurudumu lisipoingia, mara nyingi fremu imebanwa njiani. Muuzaji alitoa gurudumu bila kuweka kipande cha kuzuia kati ya midomo ya nyuma, boksi likalaliwa na mizigo. Pima nafasi kati ya midomo kwa ndani: fiksi gia nyingi ni milimita 120. Sababu ya pili ni gurudumu lisilo lake, kwa mfano habu ya milimita 130 ya baiskeli ya barabarani. Pima vyote viwili kabla ya kumlaumu yeyote.

Fremu ya chuma iliyobanwa milimita chache fundi wa fremu anaweza kuirudisha. Ya alumini usiikunje wala usiipanue kwa nguvu, na kwa kaboni hata usijaribu; irudishe ilikotoka. Na usizibe pengo kwa kukaza nati za ekseli mpaka fremu ijikunje. Ekseli itapinda, kisha itavunjika.

Rangi imekunjamana karibu na shingo ya mbele

Pitisha kidole chini ya bomba la chini na la juu, sentimita chache kutoka shingo ya mbele. Mikunjo midogo ya rangi, au bonde ambalo kidole kinalihisi kabla jicho halijaliona, ni alama ya kugonga kitu uso kwa uso. Foki nayo huwa imerudi nyuma. Itazame kwa ubavuni kama miguu yake imenyooka na shingo.

Ili kujua kama fremu imekwenda upande, funga uzi kwenye mdomo wa nyuma wa kulia, uzungushe shingoni mbele, uurudishe hadi mdomo wa kushoto. Pima kutoka uzi hadi bomba la kiti kila upande. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita mbili au tatu, peleka kwa fundi wa fremu. Ukiona ufa popote, usiipande kabisa.

Bomba la kiti halitoki

Mara nyingi ni bomba la alumini lililoshikana na fremu ya chuma kwa sababu lilikaa miaka bila grisi; metali mbili tofauti zikipata unyevu hulana. Legeza kabisa bolti ya kubana, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu juu, geuza baiskeli, toa ekseli ya kranki ikiwezekana na unyunyize pia kwa ndani kutokea chini. Acha usiku kucha. Kesho yake shika kiti chakavu kama mpini, uzungushe huku na huku kwa nguvu ya taratibu. Hatua kali zaidi ni kubana kichwa cha bomba kwenye jiliwa na kuzungusha fremu nzima, lakini hapo fremu nyembamba zinaweza kupinda, na mimi ningemwachia fundi. Moto usitumie.

UKIANZA KUIENDESHA

Ukirudisha nguvu nyuma, pedali zinacheza kwanza ndipo gurudumu linashika

Hii ndiyo dalili ninayotaka uisome taratibu kuliko zote.

Sababu ya kawaida ni cheni iliyolegea. Bonyeza cheni katikati ya gia mbili: ipande na kushuka kama milimita 12. Ikizidi, legeza nati mbili za ekseli kwa spana namba 15, vuta gurudumu nyuma likiwa katikati ya fremu, kaza nati zamu kwa zamu, upime tena.

Cheni ikiwa sawa na mchezo bado upo, lokiringi imelegea. Gia ina hesi ya kawaida: ukikanyaga mbele inajikaza, ukirudisha nguvu inataka kufunguka. Lokiringi ina hesi ya kinyume, ili gia ikitaka kufunguka iisukume lokiringi na yenyewe ijikaze. Lokiringi ikilegea, gia inatembea. Ili kuhakikisha, chora mstari mmoja kwa kalamu ya maka kutoka kwenye gia hadi kwenye mwili wa habu. Endesha polepole mahali palipo wazi, ukitumia breki ya mbele, ukikaza miguu mara mbili tatu, kisha rudi utazame. Mstari ukiwa umekatika, gia inatembea.

Kuirekebisha, fungua lokiringi kwa kuizungusha kufuata mshale wa saa, safisha hesi, paka grisi kidogo, kaza gia kwa spana ya cheni, rudisha lokiringi kwa spana ya ndoano. Halafu panda mlima ukiwa umesimama juu ya pedali. Mlima utaikaza gia kuliko mkono wako, na utaacha nafasi ndogo nyuma yake. Rudi ukaze lokiringi tena. Watu wengi wanaiacha hatua hii, na wiki mbili baadaye mchezo unarudi.

Sababu ya tatu: habu ina pande mbili, moja ya gia na nyingine ya friwili, na mtu ameligeuza gurudumu akafunga gia upande wa friwili. Kagua upande wa pili kabla ya kukata tamaa. Ukikuta ngazi mbili za hesi huko, hamishia gia yako huko na lokiringi yake.

Sababu ya nne ndiyo iliyonipata mimi. Fiksi gia yangu ya kwanza niliishinda kwenye mnada kwa picha nne, na ndani ya wiki nilikaza cheni mara tatu bila mafanikio. Nikachora mstari. Baada ya kona mbili tu, nusu mbili za mstari zilikuwa zimeachana kwa upana wa punje ya mchele. Nilipofungua, vumbi jekundu la gundi iliyokauka lilidondoka mapajani. Ringi iliyokuwa juu ya gia ilikuwa ya ekseli ya kranki, yenye hesi ya kawaida inayofungukia upande uleule na gia. Habu ilikuwa ya friwili, ya ngazi moja, na hesi zake zilikuwa zimelala na kung'aa kama meno ya kitana kilichopitiwa na moto. Nilikuwa nimeshuka mteremko mrefu na kitu hicho siku iliyotangulia, miguu ikiwa ndiyo breki yangu ya nyuma.

Ukikuta hali hii, simama. Usiongeze gundi, usichomelee gia kwenye habu, usikubali fundi akuambie kwamba itashika. Hesi zilizolala hazirudi. Una njia mbili: weka friwili kwenye habu hiyo pamoja na breki mbele na nyuma, ikiwa hesi bado ni nzima, au nunua gurudumu la nyuma lenye habu halisi ya fiksi gia.

Cheni inakaza sehemu moja na kulegea nyingine

Zungusha kranki polepole kwa mkono huku ukitazama cheni. Ikikaza na kulegea mara moja kwa kila mzunguko wa kranki, gia kubwa ya mbele haijakaa katikati ya kranki. Mara nyingi inatosha kulegeza bolti zake kidogo, zisifunguke kabisa. Zungusha hadi cheni ikaze zaidi, simamisha, igonge cheni kwa upole kwa mpini wa bisbisi ili gia isogee, kaza bolti kwa kuvukavuka. Rudia mpaka tofauti iwe ndogo. Kulegea kidogo hakuna neno. Usiweke kipimo cha cheni pale inapolegea. Ukifanya hivyo, itakuwa imekakamaa kupita kiasi upande wa pili na itakula beringi za habu.

Isipokubali, huenda gia imepinda, au kranki imepinda pale inapoishika gia. Gia hubadilishwa, pima tu duara la matundu ya bolti kabla ya kuagiza, kwa maana kranki nyingi za uwanjani ni milimita 144 na za barabarani mara nyingi ni 130.

Cheni inaruka meno au inatoka

Usiendelee kuendesha. Cheni ikitoka kwenye fiksi gia, inaweza kunasa kati ya gia na fremu na kulifunga gurudumu la nyuma ghafla.

Kwanza angalia ukazaji, kama nilivyoeleza. Pili, uchakavu: pima pini ya kwanza hadi ya 25, yaani pingili 24. Cheni mpya ni milimita 304.8. Ikipita 306.5 ibadilishe, na ikikaribia 308 tegemea kwamba gia nazo zimechongoka kama mapezi ya papa na zinataka kubadilishwa pamoja. Tatu, upana: cheni ya milimita 2.4 haikai kwenye meno yaliyotengenezewa cheni ya 3.2. Kinyume chake kinawezekana, kwa kelele kidogo. Nne, mstari wa cheni: tazama kutoka nyuma kama gia mbili ziko kwenye mstari mmoja. Zikipishana kwa milimita kadhaa, kinachotakiwa ni ekseli ya kranki ya urefu mwingine. Hii ni kazi ya kupimwa, fundi aifanye.

Kila mzunguko kuna mlio wa "tok"

Anza na kilicho rahisi: toa pedali, paka grisi, rudisha. Pedali ya kushoto ina hesi ya kinyume, usiilazimishe. Mlio ukibaki, shika mikono yote miwili ya kranki uitikise kwa ubavu. Ikitikisika yote pamoja, ekseli imelegea au beringi zimekwisha. Ukitikisika mmoja tu, bolti yake imelegea. Kaza leo, kwa sababu mkono wa alumini ukiendeshwa ukiwa umelegea, tundu lake la pembe nne linapanuka na halirekebishiki.

Ukitaka kuifungua ekseli mwenyewe, jua kwanza aina ya hesi. Kwenye aina ya Kiingereza, kikombe cha upande wa cheni kina hesi ya kinyume. Kwenye aina ya Kiitaliano, pande zote mbili ni za kawaida. Ukikosea na kuvuta kwa bomba refu, utaharibu fremu. Kikigoma, peleka kwa fundi.

Ncha ya kiatu inagusa gurudumu la mbele kwenye kona

Kwenye fremu za uwanjani ni umbo lao, hasa saizi ndogo, na hutokea kwenye kona kali za polepole tu. Lakini kwenye baiskeli ya mtumba hakikisha kwanza kwamba foki haijarudi nyuma kwa ajali. Ikiwa nzima, jizoeze kuanza kona kali mguu wa upande wa nje wa kona ukiwa hauko mbele, na ujue kwamba huwezi kuisimamisha pedali katikati ya kona.

Tairi ya nyuma imekwisha sehemu moja tu

Huu si ubovu wa tairi. Mwenye baiskeli alikuwa akifunga gurudumu kwa miguu ili liteleze, na hesabu ya meno inaamua ni sehemu ngapi za tairi zinazogusa ardhi wakati huo. Rahisisha sehemu ya meno ya mbele juu ya nyuma. Namba ya chini ndiyo idadi ya sehemu hizo kwa mtu anayefunga akiwa na mguu uleule mbele. Meno 48 kwa 16 ni 3 kwa 1: sehemu moja tu inaliwa kila mara. 44 kwa 16 ni 11 kwa 4, sehemu nne. 48 kwa 17 hairahisishiki, unapata 17. Anayeweza kubadilisha mguu wa mbele, na namba ya juu ikiwa si shufwa, anapata mara mbili yake.

Gia ya meno 17 mahali pa 16 itagharimu kidogo kuliko matairi utakayoyamaliza. Ila kabla ya kuibadilisha, bonyeza pale palipokwisha na utazame kwa mwanga. Ukiona nyuzi za kitambaa, tairi hilo litoe leo, na kagua tena mstari wako wa kalamu kwenye habu, kwa sababu baiskeli iliyotelezeshwa kiasi hicho imeirudishia lokiringi nguvu nyingi kila siku.